Ratiba ya Jumamosi

Nimeiandika nyuma ya risiti ya unga:
saa mbili, chai na mandazi Kibuye;
saa nne, twende tukaone swala;
saa saba, Dunga, samaki mzima
wa kukaanga, na kichwa chake.

Shangazi Nafuna anashuka kutoka Kimilili
kwa siku moja tu, na lile goti.
Nikamsomea kwa simu, mstari kwa mstari.

Kimya. Nikadhani kredo imeisha.

"Na bandarini," akasema, "pale lango la reli,
marehemu alipokuwa akihesabu magunia ya pamba,
lile benchi bado lipo?"

Sijui. Napita pale kila siku.

Nimefuta swala. Kibuye nimefuta.
Samaki atafungwa kwenye gazeti,
tumle hapo langoni.

Nitabeba kigoda.