Mstari wa Pili

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, sahani ilikuwa imeota:
makundi manono, yenye utelezi wa bamia.
Klebsiela, nikaandika kwa mwandiko mzuri,
nikapanga dawa zinazomuweza na dawa anazozicheka,
nikapanda ngazi hadi wodi ya watoto njiti.

Kitanda cha joto kilikuwa kitupu, kimefutwa, kinanuka spiriti.
Mtoto wa Nyanzobe, hakuwa amepewa jina,
alikuwa ameshavuka na kivuko cha Kamanga jana alasiri,
amefungwa khanga, mapajani mwa bibi yake.
Muuguzi aliipokea karatasi, akaisoma mpaka mwisho,
akaipachika kwenye faili.
Jibu lilikuwa sahihi.
Nimesoma miaka minne nitoe majibu sahihi.

Tangu hapo nina ukanda mezani,
mwembamba, karatasi inayokunywa.
Damu nailoweka masaa matatu kwenye mchuzi wa vuguvugu,
kisha tone linatambaa lenyewe hadi kwenye mtego,
na kwenye mtego kuna dhahabu.
Ndiyo, dhahabu. Shemeji zangu wa Geita wanacheka,
nawaambia ni chembe isiyonunua hata andazi,
imesagwa mpaka ikasahau rangi yake, ikawa nyekundu.
Mstari wa kwanza husema: kipimo ni kizima.
Mstari wa pili husema: yumo.

Ukanda wa hamsini na nne ulimwona kwenye maji ya chupa.
Wa themanini ulinyamaza mbele ya usaha.
Masika, unyevu wa ziwa ukapanda hadi ghorofa yetu,
kanda zote zikalegea kama chapati ya jana.
Kisha wakaja wadudu wa ziwani,
wale wanaonyanyuka majini kama moshi wa tanuri;
niliziba madirisha kwa plasta ya vidonda,
na bado asubuhi niliwakuta ndani ya sahani,
kila maiti na shamba lake.

Lushinge, mkuu wangu, ana swali moja tu: "Wangapi wamekupita?"
Haulizi niliowakamata.
Mhasibu huuliza bei. Elfu mbili na mia tano, nasema.
Akikohoa, nasema elfu mbili.

Ukanda wa mia mbili na kumi na saba, Alhamisi,
umeme umekatika, nimeshika tochi ya simu kwa meno.
Mtoto wa Milembe, kilo moja na robo.
Mstari wa pili ulikuja
kama mtu anayebisha hodi akiogopa kuamsha wenyewe.
Nikapiga wodini: acheni hiyo dawa, haimgusi,
chukueni ile ya kabati la chini.
"Una uhakika?"
Niliusogeza ukanda karibu na jicho, nikausogeza mbali.
Nina mstari, nikasema.

Jumatatu alikuwa ananyonya kidole chake,
na mama yake akanisalimu Kisukuma, mwangaluka, kama ndugu.
Sikukaa. Nilikuwa na pamba mfukoni.
Nilipangusa tundu la sinki, pale tunaponawia kila siku.
Nilipangusa kitasa.
Halafu maabara, mlango nimeufunga kwa ndani,
nikapangusa chini ya kucha zangu.

Maana usiku ule wa kwanza muuguzi alikuwa peke yake,
na mimi ndiye niliyemtoa mtoto wa Nyanzobe damu ya kupima kundi,
kabla hajawa na homa,
kabla hajawa na chochote ila vidole.

Masaa matatu ya mchuzi yamekwisha.
Kitasa: hakuna.
Sinki: nyekundu, haikusubiri hata dakika tano.
Ukanda wangu ndio kwanza unakunywa.
Mstari wa kwanza huo, umetoka; kipimo ni kizima.

Bado dakika tisa.