Mrija Kwanza

Panya wa Otonglo hakujua hesabu.
Alitafuna waya mmoja tu, mwembamba kama unywele wa mtoto,
na mayai mia na ishirini, siku ya kumi na tisa,
yakaanza kupoa.

Wilkista alifika Kibuye mbio, kiangulio kwenye mkokoteni,
kimevikwa blanketi mbili na leso,
waya wenyewe ameufunga plasta ya kidonda.
"Nimeupa huduma ya kwanza," akasema. Hakuna aliyecheka.

Apondi alinitupia jicho, kisha koleo.
Mwaka mzima nimefagia matone ya risasi chini ya meza yake.
Leo nikae kitini.

Ganda la waya halichunwi kwa pupa.
Bana, zungusha, vuta, kama unamvua soksi mtoto aliyelala.
Ukiikwaruza shaba itakuja kukatikia hapo hapo,
si leo, ila siku utakayokuwa umesahau.
Mwekundu ukate mfupi, mweusi mrefu,
viungo visilale bega kwa bega, vitagombana.
Sokota. Si fundo la kufungia mbuzi:
huu uuzunguke ule, ule uuzunguke huu,
ziishe bila ncha ya kuchoma kidole.

Stima ikapotea. Ilikuwa Jumatano, hatukushangaa.
Tukatoa pasi ya kale, ile ya kichwa cha shaba,
tukaizika kwenye makaa ya muuza mahindi.
"Pasha waya," Apondi alisema, "usipashe risasi.
Risasi itakuja yenyewe ikiitwa."
Nikangoja. Moshi wa utomvu ukanipanda puani.
Kisha ikaja, ikazama katikati ya nyuzi
kama chai inavyopanda andazi.
Usipumue. Usitikise. Ikipoa iking'aa, imekubali;
ikiwa kijivu kama ugali uliolala, anza tena.

Iling'aa!
Visubi vya ziwani vilishaizingira tochi,
kimoja kikataka kutua pale pale, nikakipuliza.
Nikainua kichwa nisifiwe.

Apondi hakusema neno.
Kwa ukucha akausukuma mezani, polepole,
mrija mweusi wa plastiki,
ule uliopaswa kuvishwa waya kabla ya yote.

Nikakikata kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuunga.
Nikaanza upya, waya umepungua inchi nzima,
Wilkista ameweka viganja juu ya kioo
kana kwamba mikono miwili yaweza kuatamia mia na ishirini.

Safari hii mrija kwanza.
Ulipoonja joto ukasinyaa, ukaukumbata waya,
kazi yangu ikafichika humo, haitaonwa na mtu.
Stima ikarudi. Namba zikawaka:
ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Ijumaa akapiga simu. "Mia na tisa!"
Nyuma yake kelele za vifaranga tupu.
Apondi akapiga makofi, akaninunulia soda.

Kumi na moja.
Usiku nayapitia moja moja,
na mrija bado umelala mezani.