Inchi Mbili

Kaka yangu Ruperto alizikata springi kwa grainda
jioni moja tu, cheche zikimrukia viatuni,
na mama hajamaliza kuosha vyombo
Caprice ya marehemu baba ilikuwa imelala chini
kama paka aliyeona ndege.

Tulitoka nje tukaduwaa. Nani asingeduwaa?
Rangi ya zambarau, tumbo likikaribia changarawe,
nusu ya Española ikipita polepole, ikipiga honi.
Mama akapanda, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.
Hatukufika hata darajani.

"Nishusheni," akasema.
"Barabara yote imeniingia mgongoni."

Ana skrubu nne kwenye uti, mama yangu Orlinda,
tangu mwaka ule alipodondoka ngazini akichuma aprikoti,
na kila kiraka cha lami kilizigonga, moja moja,
kama mtu anayehesabu deni lake.
Akarudi kwa miguu, mkoba kwapani. Hakugeuka.

Penye urembo ndipo penye urimbo.
Ruperto alinaswa humo, hakutaka kunasuliwa:
"Gari la chini ndivyo lilivyo," akasema, "lazima liume."
Sikumjibu.
Miaka kumi na moja natengeneza mabasi ya shule,
yale ya njano, yenye watoto wasiokaa kitako,
nayo yamenifundisha kwamba springi ni pumzi.
Ifupishe, na gari litahema kama mwenye pumu;
shimo la kwanza tu, pumzi imekwisha,
chuma kimegonga chuma.

Wanasema aliye juu mngoje chini.
Mimi sikungoja.
Nilipiga jeki, nikazitoa zile springi vilema,
nikaenda kwenye makaburi ya magari nje ya mji
nikapata nyingine nzima, ndefu, nyekundu kwa kutu.
Kisha nikabadilisha kile chuma cha mbele
kinachoushika mhimili wa gurudumu:
kwenye kipya, mhimili umekaa inchi mbili juu zaidi.
Gurudumu likapanda. Mwili ukashuka.
Springi haikuambiwa kitu.

Nyuma ilibidi nipoteze kidogo.
Springi fupi kiasi, shokapu za kimo chake,
na vile vipande vya mpira vinavyopokea kishindo
nikavipunguza kwa kisu cha jikoni,
ili gari lipate nafasi ya kuinama
kabla halijapiga goti.
Ruperto alitaka tairi nyembamba kama utepe.
Tuligombana hadi jirani akazima taa.
Tairi nene zikabaki.

Jumapili mama akatoka na blauzi nyeupe
na bakuli la mchuzi wa pilipili nyekundu, umejaa hadi ukingoni.
Hakueleza. Aliliweka mapajani, akasema, "Haya."
Nikapita kwenye viraka. Nikapita kwenye reli
za lile zizi la kuzuia ng'ombe, ambapo hata wezi hupunguza mwendo.
Mchuzi ukaelea huku, ukaelea kule,
ukajifikiria,
ukarudi.

Tone moja. Lilidondoka tulipogeuka kanisani,
nalo lilikuwa kosa langu, si la gari.

Tukazunguka mji mara mbili, tatu, chini chini,
kivuli chetu kikiwa hakina pa kukaa.
Ruperto akachukua bakuli, akaanza kula kwa kidole.
Ndipo nikasikia mkoromo.
Mama, ambaye tangu ngazi ile hulala ameketi,
saa moja hapa, nusu saa pale,
alikuwa ameegemeza shavu kwenye kioo,
mdomo wazi, tone jekundu kifuani kama kifungo.

Mzunguko wa tano. Wa sita.
Mshale wa mafuta ukagusa mwisho.
"Simama tujaze," Ruperto akanong'ona.
Nikatikisa kichwa.
"Likizima?"
"Tutashuka tusukume," nikamwambia.
"Wewe nyuma, mimi mlangoni. Polepole.
Na viraka tuvikwepe."