Friza ya Mama, Ibra

Arubaini imepita, nyumba tumeshaiuza,
na friza imegoma.
Tumeichomoa alfajiri, mwezi wa saba, joto limeshaingia jikoni.
Imesimama hapa miaka kumi na tisa juu ya vigae vyeupe,
miguu yake minne imeota kutu, imenata kama kupe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nikishindwa na watu, nahesabu.
Nikachukua risiti ya duka la gesi, nikaandika nyuma yake:
friza, kilo sabini. Vilivyomo, thelathini na nane.
Zidisha kwa tisa nukta nane:
nyutoni elfu moja hamsini na nane na chembe,
ndivyo dunia inavyoivuta,
ndivyo na kigae kinavyoisukuma juu, kimya, bila shukurani.
Kizigeu cha msuguano, kwa kukisia, nusu.
Basi mia tano ishirini na tisa
kabla haijasogea hata kwa unywele.

"Na ikishasogea?" akauliza Yaqdhan, mtoto wa kaka.
Ikishasogea hupungua. Mia tatu na kitu.
Kilichotulia kina ubishi kuliko kinachokwenda;
kuanza ndiko kunakokula mabega.

Kaka yangu Nassor hasikii hesabu.
Amekuja kutoka Dubai na shati la pasi,
hajasema nami tangu tulipotajiana bei ya nyumba.
Humwambia mwanawe, mwanawe huniletea.
Ameilalia friza kwa juu, kifua kizima, anasukuma,
mishipa ya shingo imemsimama.
Mwambie baba yako, nikasema,
nusu ya nguvu zake anaizika sakafuni.
Asukumaye kwa kukandamiza huongeza mzigo anaoupigania.
Ashuke, mikono iwe sawa na kiuno,
au afunge kamba, avute huku akiinua kidogo.
Yaqdhan akafikisha.
Kaka akasonya.

Neno lenyewe ni moja, lugha yetu haikuona haja ya mawili:
msuguano wa chuma na kigae,
msuguano wa mtu na nduguye,
na yote miwili imezaliwa na kusugua,
kazi ya mama kila Ijumaa asubuhi, magoti chini,
brashi na sabuni ya unga, hadi vigae hivi vikapoteza meno.
Kwa hiyo hata ile nusu yangu huenda si nusu.
Kitabu hakimjui mama.

Tukaamua kupunguza mzigo.
Mbaazi. Tui lililoganda kwenye vikopo vya mtindi.
Sambusa mbichi za Ramadhani ambayo hakuifikia.
Chini kabisa, katika mfuko mweusi, nguru mzima,
na karatasi, mwandiko wake ule wa kuegemea kulia:
Wa Nassor. Akija. Msiguse.

Kaka akampokea kwa mikono miwili.
Akasimama naye. Hakuna aliyemwambia amweke chini.
Barafu ikaanza kutona,
nami, Mungu anisamehe, nikahesabu:
kilo sabini tupu, mia tatu arubaini na tatu,
na vigae vikilowa, chini ya hapo sana.

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.
Soli ya ngozi, maji, kigae kilichosuguliwa miaka kumi na tisa.
Akakaa chini puu, nguru kifuani.
Akacheka. Au alilia; sauti yake ya mambo hayo ni moja tangu utotoni.
"Zuwena," akasema, jina langu, bila mjumbe,
"na hili liandike kwenye risiti yako."

Nikatafuta pakavu pa kukanyaga, ndipo nikampa mkono.
Penye utelezi hakuna anayemwinua mwenziwe.

Friza ikatoka saa nane, watu watatu, blanketi kuukuu chini yake,
ikiteleza kwa urahisi wa kuudhi.
Iliacha mabaka manne ya kutu.
Yaqdhan akaleta brashi.
Acha, nikamwambia. Watasugua wenye nyumba.