Trei ya Mayai

Mimi nimehesabu marobota ya mkonge miaka ishirini na sita,
kalamu sikioni, vumbi la nyuzi puani,
lori likitoka na robota moja pungufu najua kabla ya dereva.
Kwa hiyo usiniambie habari za kuhesabu.

Kiharusi kilinikuta jikoni nachuja tui.
Upande wa kushoto ukaaga kama mgeni asiyemaliza chai.
Mkono ukarudi kidogo kidogo,
mdomo ukanyooka, nikaweza tena kumsema mtu,
ila mguu ulibaki wa kukodi:
unakanyaga pale ambapo nilitaka kukanyaga jana.

"Bi Mwanamkuu, simama mguu mmoja, hesabu mpaka thelathini."
Huyo ni Fadhila, binti Kihiyo, koti jeupe, raba za bluu.
Nikifika saba, ukuta.
Kesho yake saba. Kesho kutwa tano.
Akiuliza kama nafanya nyumbani, nasema mara tatu kwa siku,
kumbe nimelala nasikiliza baiskeli za Barabara ya Kumi na Mbili,
kengele kwa kengele, watu wazima juu ya magurudumu mawili
kana kwamba kutoanguka ni kitu cha bure.

Jumatatu moja akaja na sanduku la mtumba.
Ubao mweupe, bapa, kama mzani wa duka la nyama,
waya, na televisheni ya zamani yenye kisogo.
"Panda."
Kwenye kioo akatokea kijitu cha katuni, trei ya mayai kichwani,
mbele yake gogo, chini ya gogo mto,
mtoni mamba wawili wanangoja kimanda.
Nikiegemea kulia, naye kulia.
Nikisita, anasita.
Mguu wa kushoto ukisinzia, yai linaporomoka, paa!
na mamba wanacheka kwa sauti ya bati.

Nilikasirika. Jamani, nilikasirika
kwa ajili ya mayai yasiyo na kiini!
Nikasema: weka tena.

Sijui nilisimama muda gani. Sikuhesabu.
Vidole vya mguu viliamka kimoja kimoja
kama watoto waliosikia karanga zinakaangwa.

Yupo pia Bwana Singano, fundi saa mstaafu,
goti jipya, maneno ya zamani.
Ana alama mia tatu na arobaini,
kaziandika ukutani kwa chaki, na tarehe, kama deni.
Mimi mia mbili na kumi.
Anashika kiti, nimemwona kwa macho yangu.
Anasema kidole si mkono.
Fadhila anajifanya haoni;
nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Bora wagombane kuliko walale."
Siku hizi nafika kabla ya mwenye funguo.
Binti yangu anauliza, mama, unakwenda hospitali au harusini?

Alhamisi ile nilifika mia tatu na thelathini na nane.
Gogo linakwisha. Trei nzima. Singano kimya, mara ya kwanza.
Umeme ukakatika.
Kioo kikanywea kikawa nukta, nukta ikafa.
Kijitu changu gizani, mto gizani, mayai yote gizani,
na mimi bado nimesimama mguu mmoja, mikono hewani,
nasubiri mtu anishushe.
Nikatazama chuma cha kushikia.
Kilikuwa kule, hatua mbili.

"Haihesabiki," akasema Singano.
"Nani anahesabu?" nikamjibu,
mimi, karani wa marobota.

Jioni, uani, natia udhu.
Miezi minane binti alinishika kiuno nikifika miguuni.
Leo kaenda dukani.
Nikanyanyua wa kulia, nikasimamia ule wa kukodi.
Maji yakapita kati ya vidole.
Ukuta ulikuwa karibu, sikuuita.
Halafu shetani akanipitia: badala ya dua
nikajikuta nawaza yai la mwisho,
kushoto kidogo, polepole,
na yule mzee na kidole chake.

Nikaona aibu, nikaanza upya.
Wa kulia tena, juu.