Hakuna Zana Ndani ya Gari Hili

Stika ya mlango wa nyuma, herufi nyekundu,
ilisema: HAKUNA ZANA NDANI YA GARI HILI USIKU.
Miaka sita ilisema uongo.
Jumanne alfajiri, Llanelli, manyunyu yakianguka,
ikaamka inasema kweli.

Mlango wa ubavuni walikuwa wameukunja
kuanzia juu, kwa goti na uzito wa mtu,
kama mfuniko wa kopo la samaki.
Baba alichungulia, kikombe cha chai mkononi.
Akainywa chai yote, taratibu, mpaka machicha,
ndipo akaita, "Nerys,"
jina la mama, basi,
bila neno la pili.

Polisi walitoa nambari kwa simu.
Tarakimu kumi na moja. Baba akaziandika
kwenye kipande cha mbao, kwa penseli bapa ya useremala,
maana ndiyo iliyosalia:
ililala sikioni pake.

Bima wakataka orodha. Tukaketi jikoni.
Keekee mbili za betri. Msumeno wa umeme.
Pimamaji, ndefu na fupi. Patasi tisa.
Andika bei, alisema mama.
Randa ya babu Idwal...
hapo akanyamaza.
Mpini wa randa ile umebonyea pa kidole gumba,
na gumba lenyewe si la baba, ni la babu;
miaka ishirini baba amekuwa akiliazima.
"Andika paundi thelathini."
Mama akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

Siku za mwizi, husemwa, ni arobaini.
Za aliyeibiwa hakuna anayezihesabu.
Mimi nilizihesabu.

Ya tatu, alimpigia Bi Pritchard:
ngazi yako itasubiri kidogo.
Ya tisa, aliazima nyundo kwa Delwyn,
mtu waliyenyang'anyana wateja tangu ujana,
akairudisha jioni ileile, imepakwa mafuta.
Ya kumi na nne, akaanza zamu ya usiku ghalani,
kupakia maboksi ya vitu asivyovijua.
Asubuhi alirudi na mikono safi.
Hakuna vumbi la mbao kwenye nyusi, hakuna gundi kuchani.
Mama alimwekea maji ya kunawa kwa mazoea,
naye akanawa, kwa adabu tu.

Ya arobaini ilikuwa Ijumaa.
Hakukamatwa mtu.

Jumapili tulikwenda gulioni,
kule watu wanakouza vitu kwenye buti za magari,
mimi nikitafuta viatu vya mvua.
Turubai la buluu. Sahani. Mdoli asiye na jicho.
Na doa la rangi ya kucha, waridi.

Nilikuwa na miaka saba nilipopaka
kila mpini aliokuwa nao.
Alinigombeza mpaka nikalia.
Hakufuta hata mmoja.

Muuzaji alikuwa bibi mwenye koti la plastiki,
aliyenunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu.
"Kumi," alisema. "Siku hizi haziundwi hizo."
Nilingoja baba apaze sauti,
aite polisi, aseme jina la babu.
Akaigeuza. Akafumba jicho moja,
akatazama kitako chake kama kimenyooka.
"Nane."
"Tisa, mpenzi, na mfuko nakupa bure."
Akatoa tisa, moja ikiwa sarafu ndogondogo.

Garini hakuwasha injini.
Gumba lake lilipata kile kishimo
kabla hajakitafuta.
Kisha akapitisha kucha kwenye ubapa,
polepole, mara mbili,
akaniambia, "Wameinoa."
Mvua ilikuwa inapiga bati.
"Huyo mwizi, au nani sijui,
ameinoa, Lowri. Ameinoa vizuri."

Siku arobaini na mbili alikuwa hajalia.