Digrii Tano na Nusu

Jino hili lilikuwa la Mama Kaanaeli wa Ngarenanyuki,
la kahawia, maji ya kwao yalivyoliandika.
Dokta Elinami amelitoboa kwenye mzizi,
kapenyeza waya wa kipimajoto,
maana jino lililong'olewa halisemi "aah".

Leza ikawaka. Hakuna kishindo,
harufu tu, kama ukwato motoni.
Mbili. Tatu. Nne na nusu.
"Maji!" akasema. Nikachelewa.

Sita.

Nje Arusha inatetemeka kwa Julai,
Meru haionekani,
na humu, ndani ya kijumba cha mfupa,
kiini kingekuwa kimekufa
bila hata kuaga.
"Ufizi ungebabuka," akasema, "ungeona.
Hiki usingekiona."

Kesho kitini atakaa mjukuu wake,
jino likiwa bado na mwenyewe.
Nimelala nimekunja kidole
kwenye bomba ambalo halipo.